Maua ya mitufaha na mipeasi yameungua Tigoni: ni bakteria au ni baridi?

Kilima_Tigoni

Wadau, salaam. Shamba liko Tigoni, Kiambu, lina mitufaha 140 ya aina za Anna na Dorsett Golden iliyobebeshwa juu ya shina la MM.106, na mipeasi 30 pembeni. Majani yalipukutishwa kwa mkono ili miti ichanue pamoja, maua yakaanza kufunguka tarehe 20 Juni. Tangu tarehe 4 Julai vishada vya maua vinageuka kahawia, kwenye mipeasi vinakuwa vyeusi tititi, na machipukizi machache yamenyauka nchani. Kipimajoto cha shambani kinasoma 11 usiku na 19 mchana, kuna ukungu kila asubuhi na manyunyu. Ute sijauona.

Agroveti mmoja anasema nipige kopa (dawa ya shaba) leo leo. Mwingine anasema huo ni ugonjwa wa faya blaiti, nipige streptomaisini, ile antibiotiki. Kabla sijanyunyiza chochote naomba kujua: kwa macho nitatofautishaje, sampuli ikatwe vipi, na ipelekwe wapi hapa Nairobi?

Hadubini

Hiyo kopa iache kwanza. Ikishagusa mti, bakteria walio juu hufa au hudhoofika, na maabara ikijaribu kuwaotesha haipati kitu. Jibu linarudi "hakuna" ilhali chini ya gome wamejaa.

Faya blaiti husababishwa na bakteria Erwinia amylovora. Mara nyingi huanzia kwenye ua. Kikonyo cha ua huonekana kama kimelowa maji, rangi yake ikawa kijani cha kijivu, kisha kahawia (tufaha) au nyeusi (peasi). Kutoka hapo ugonjwa hushuka hadi kwenye tawi. Kwenye chipukizi changa, ncha hupinda kama mpini wa bakora, na majani yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yananing'inia miezi. Tazama jani moja moja: weusi unaanzia kwenye kikonyo na mshipa wa kati kwenda nje, kwa sababu bakteria anafika kupitia tawi. Weusi unaoanzia ukingoni kuja ndani una asili nyingine: upepo, chumvi, dawa, ukame.

Sasa chukua kisu, bandua gome pale palipokufa panapokutana na palipo hai. Faya blaiti inayotembea huacha michirizi ya kahawia-nyekundu ndani ya gome, ikipenya sehemu inayoonekana nzima bila mpaka ulionyooka. Ukikuta mpaka mkali wenye ufa, donda limesimama.

Kuhusu ute: ukiuona, matone meupe ya maziwa yanayogeuka rangi ya asali, shuku sana. Usipouona hujathibitisha chochote, maana hutoka kukiwa na joto na unyevu mwingi, na ukikauka hubaki utando unaong'aa tu ambao mtu hupita bila kuuona.

Kwa maelezo yako, mshukiwa wangu wa kwanza ni bakteria mwingine, Pseudomonas syringae. Huyu hupenda baridi na majimaji, na ana tabia mbaya ya kusaidia barafu kuganda kwenye maua usiku wa jalidi, kisha anaingia kwenye vidonda. Huua kishada cha maua na kuishia hapo hapo, mara chache kupita sentimita chache ndani ya mti. Hatoi ute. Kwenye peasi huonekana vibaya kuliko kwenye tufaha, na ndiyo maana watu huchanganya.

Wengine wa kuwaondoa kwenye orodha: pasua chipukizi kwa urefu, ukikuta tundu na unga wa mbao ni bungua. Vipele vidogo vyeusi au vya rangi ya chungwa juu ya gome lililokufa ni kuvu. Na kwa kuwa una MM.106, kwangua gome la shina usawa wa udongo: shina hilo linajulikana kwa kuoza shingo kwa Phytophthora, kimelea cha udongoni, na juu yake mti mzima hudhoofika kwa pamoja, si tawi hapa na tawi pale.

Mche_Safi

Naongezea upande wa sampuli, kwa sababu hapo ndipo majibu mengi yanaharibikia. Watu huokota jani kavu zaidi wakidhani ndilo lenye ugonjwa zaidi. Tishu iliyokufa kabisa ina bakteria wa kuozesha tu, wale unaowatafuta wameshahamia mbele.

Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye mpaka katikati: nusu imeungua, nusu ni kijani. Chukua kutoka miti mitano au zaidi, kila mti kivyake, na uweke vishada vya maua tofauti na machipukizi. Ongeza sampuli moja ya mti usio na dalili. Kata asubuhi baada ya umande kukauka, kwani majani yaliyolowa huoza njiani.

Kati ya mti na mti safisha mkasi. Jik ya madukani yenye asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, inakupa klorini ya asilimia 0.5. Futa utomvu kwanza, kisha chovya nusu dakika au zaidi. Tengeneza mpya kila siku, na jioni suuza na upake mafuta, la sivyo Jik itaula mkasi. Spiriti ya asilimia 70 ni rafiki zaidi kwa chuma ila bei yake unaijua.

Funga kila sampuli kwa gazeti kavu, tia kwenye bahasha ya kaki, andika kwa penseli (wino hufutika kwa unyevu): namba ya mti, aina, tarehe, na dawa ya mwisho kunyunyizwa. Bahasha zote ziingie kwenye chombo cha plastiki kinachofungwa, chombo kiingie kwenye kibokisi cha baridi chenye barafu iliyofungwa kitambaa ili isiguse sampuli. Nyuzi 4 hadi 8 zinatosha. Usigandishe: kuganda hupasua seli, na kuotesha bakteria kunakuwa bahati nasibu. Ifike ndani ya saa 24, 48 ikizidi sana. Sampuli ya Ijumaa inayolala kwenye ofisi ya matatu hadi Jumatatu haina maana, afadhali ukate Jumatatu.

Kabla hujaisafirisha, piga simu KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Faya blaiti ni ugonjwa wa karantini. Barani Afrika umethibitishwa kaskazini, Misri, Morocco, Algeria na Tunisia, kwa hiyo ukishuku hapa kwetu hutembezi matawi hovyo kutoka kaunti hadi kaunti. Makao yao makuu yako Karen, barabara ya Oloolua Ridge, lakini kwako kituo cha karantini cha Muguga ni karibu zaidi. Wanaweza kukwambia uwasubiri waje wakate wenyewe.

Na swali: miche ilitoka wapi? Kama kuna vikonyo vya kubebeshea vilivyoingia nchini ndani ya sanduku la nguo bila kibali, mwambie mkaguzi waziwazi. Hilo hubadilisha namna ya kupima.

Nyuzi18

Wenzangu wametazama mti, mimi nitazame kipimajoto, maana umetoa namba nzuri.

Kuna modeli ya kutabiri faya blaiti kwa hali ya hewa, iitwayo MARYBLYT, iliyotoka Maryland, Marekani. Inasema ua huambukizwa faya blaiti pale masharti manne yanapokutana: ua liko wazi na petali zake, zimekusanyika digrii-saa 110 juu ya nyuzi 18.3, kuna unyevu, hata umande au mvua ya milimita 0.25, na wastani wa joto la siku ni nyuzi 15.6 au zaidi. Digrii-saa ni rahisi: saa moja kwenye nyuzi 20.3 ni digrii-saa 2.

Kuna kifungu ambacho wengi hukiruka. Hizo 110 lazima zikusanyike ndani ya uhai wa ua. Kwa tufaha uhai huo huhesabiwa kuwa digrii-siku 44.4 juu ya nyuzi 4.4, kwa peasi 66.7.

Weka namba zako. Usiku 11, mchana 19, wastani 15. Tayari uko chini ya 15.6. Uhai wa ua la tufaha: 15 toa 4.4 ni 10.6 kwa siku, hivyo siku 4.2. Tuseme hata nyuzi 19 zinakaa saa tatu kila siku: 0.7 mara 3 ni digrii-saa 2.1 kwa siku. Ua linaanguka likiwa halijafika hata 9. Peasi, kwa siku 6.3, inafika 13. Unatakiwa 110.

Jingine. Modeli inasema dalili za kwanza kwenye ua huonekana baada ya digrii-siku 57 juu ya nyuzi 12.7 tangu maambukizi. Kwako ni 2.3 kwa siku, yaani siku 25 hivi. Wewe umeona weusi siku ya 14 tangu ua la kwanza lifunguke. Hesabu hazikubaliani na faya blaiti iliyoingia kwa ua msimu huu.

Kwa kulinganisha, mtu anayejaribu Anna huko Juja akipata nyuzi 26 kwa saa sita na wastani wa 20: digrii-saa 46 kwa siku, uhai wa ua siku 2.8, jumla kama 130. Umande mmoja tu na masharti yote yametimia. Kwa hiyo asikwambie mtu kuwa nchi yetu ina baridi mno kwa ugonjwa huu. Inategemea uko upande gani wa Kiambu na mti unachanua mwezi gani. Na huku kwetu miti isiyolala vizuri hutoa maua kidogo kidogo kwa miezi, hivyo mlango unabaki wazi muda mrefu kuliko shamba la Ulaya ambalo linachanua mara moja.

Tahadhari mbili. Modeli hii ni ya maua. Mvua ya mawe ikipasua majani, au mkasi mchafu ukipita, maambukizi hayangoji hesabu yoyote. Pili, pima joto kwenye kivuli, mita moja na nusu hivi juu ya ardhi, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu. Kipimajoto kilichopigiliwa kwenye bati la stoo kinapima bati.

Kilima_Tigoni

Asanteni sana. Miche ilinunuliwa hapa nchini, risiti iko ila haina maelezo ya shina mama. Mvua ya mawe haikupiga.

Jirani ana vijiti vya kupimia faya blaiti, vile vya mistari miwili. Kimoja kimejaribiwa kwenye jani lililokauka la peasi, umetokea mstari wa juu tu. Je, hilo linatosha kusema si faya blaiti? Na nikifika maabara niombe vipimo gani, nisije nikalipia kitu ambacho hakijibu swali?

Hadubini

Halitoshi. Mstari wa juu unathibitisha tu kwamba kijiti kimefanya kazi. Vijiti hivi vinahitaji bakteria wengi, takriban laki moja hadi milioni moja kwa mililita ya maji ya sampuli, na jani kavu linaweza kukosa idadi hiyo hata mti ukiwa mgonjwa. Rudia na tishu ya mpakani: gome la ndani na kikonyo cha kishada, kilichokatwakatwa vipande vidogo. Fuata uwiano ulio kwenye pakiti. Ukizidisha tishu uji unakuwa mzito, unapanda nusu ya kijiti na kusimama. Soma ndani ya muda ulioandikwa, mstari hafifu unaojitokeza baada ya saa nzima hauhesabiki. Kijiti kilichokaa kwenye chupa iliyoachwa wazi msimu wa ukungu kimeshavuta unyevu, kitupe.

Hata mistari miwili ikitokea, hiyo ni sababu ya kupiga simu, haijawa uthibitisho. Kuna jamaa wa karibu, Erwinia pyrifoliae wa peasi za Asia na Erwinia piriflorinigrans aliyeonekana Uhispania, wanaofanana naye kiasi cha kuweza kudanganya vipimo vya kingamwili.

Maabara: omba njia mbili zisizotegemeana, kuotesha na PCR (kipimo kinachonakili DNA ya bakteria ili ionekane).

Kwenye kuotesha, vipande vya mpakani hulowekwa kwenye bafa ya fosfeti yenye pH 7.2 na kupondwa kidogo. Mitufaha na mipeasi ina fenoli nyingi, maji hugeuka kahawia ndani ya dakika na hiyo kahawia inaua bakteria na kuzuia PCR pia, kwa hiyo bafa iongezwe vizuia-oksidishaji: PVP gramu 20 na asidi askobiki gramu 1.76 kwa lita. Wakisahau hilo, jibu la "hakuna" halina uzito. Kisha hupaka kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) za aina mbili na kuacha nyuzi 25 hadi 27 kwa saa 48 hadi 72.

Agari ya sukari ya asilimia 5 hutoa makoloni (vishada vya bakteria) meupe, yaliyovimba, yanayoteleza. Hapa ndipo mafundi wachanga huteleza pia, kwa sababu Pseudomonas syringae naye huvimba vivyo hivyo kwenye sukari. Agari ya King B ndiyo inayoanza kuwatenga: chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365, Pseudomonas wengi hung'aa buluu-kijani, Erwinia hang'ai. Nasema wengi, si wote.

Jaribio la potasiamu haidroksaidi la asilimia 3, lile la koloni kuvutika uzi kwenye kioo, litakwambia kama bakteria ni wa kundi la Gram hasi, na wote wawili ni Gram hasi, hivyo halikusaidii kuchagua kati yao. Jaribio la kimeng'enya cha oksidesi vilevile, wote hasi. Linalotenga kwa bei ndogo ni jaribio la glukosi kwenye mirija miwili, mmoja wazi na mmoja umefunikwa mafuta ya parafini. Erwinia hugeuza yote miwili njano kwa sababu anaweza kuishi bila hewa. Pseudomonas hugeuza ule wa wazi peke yake.

PCR ya kawaida hulenga plasmidi pEA29 (kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu), ambayo karibu kila Erwinia amylovora anayo. Karibu kila, kwa hiyo ikija hasi huku dalili ni kali, waombe na kipimo cha pili kinacholenga kromosomu. Waulize kama waliweka kidhibiti cha ndani, yaani DNA ya kuthibitisha kuwa PCR yenyewe imefanya kazi. Kisipoonekana, kuna kizuizi kwenye dondoo: walipunguze mara kumi na kurudia. Na kwa sampuli isiyo na dalili, waioteshe kwanza saa 48 kwenye mchuzi wa virutubishi ndipo wapige PCR, la sivyo idadi ni ndogo mno.

Kidhibiti chanya kiwe DNA au seli zilizouawa. Hakuna haja ya mtu kuagiza bakteria hai nchini ili kupima shamba moja, na bila kibali ni kosa.

Kipimo cha mwisho, cha kuonyesha kuwa koloni lililopatikana linaugulisha mti kweli, hufanywa kwenye peasi changa: kipande kilichooshwa, kinachomwa sindano, tone la mikrolita 10, nyuzi 25 ndani ya chombo chenye unyevu. Erwinia amylovora hutoa ute siku ya 3 hadi ya 7. Hiki kifanywe ndani ya karantini, si kwenye meza ya jikoni.

Uzio_Mwekundu

Mmesahau uzio. Ugonjwa huu haukai kwenye tufaha na peasi peke yake. Mlokwati, ambao Kiambu nzima umejaa nyuma ya nyumba, ni mwenyeji wake. Pirakanta ya miiba na matunda mekundu inayopandwa kwenye ua wa nyumba nyingi za Nairobi ni mwenyeji, kotoniasta pia. Ukikagua mitufaha 140 na kuacha milokwati mitatu ya jirani, ukaguzi una pengo. Angalia machipukizi ya mlokwati hasa baada ya kuchanua. Waridi zako usiziogope, si hapo pa kuanzia.

Wakati unangoja majibu: usipogoe kukiwa na unyevu, na usihamishe mizinga ya nyuki kutoka hapo kwenda shamba lingine la matunda. Acha mbolea ya naitrojeni kwanza, chipukizi laini ndilo chakula cha ugonjwa huu. Kama kuna kunyunyiza maji kwa juu, funga. Funga utepe kwenye miti yenye dalili na upige alama ya rangi pale weusi ulipoishia leo. Rudi baada ya siku saba. Weusi uliobaki ndani ya kishada unaelekea kwa Pseudomonas, ulioshuka sentimita kadhaa kwenye tawi unaelekea kubaya, na mkaguzi atataka kujua umbali huo.

Streptomaisini usiguse bila jibu. Kama ni Pseudomonas au baridi tu, unafundisha bakteria wa shambani kuizoea dawa bure. Amerika Kaskazini Erwinia sugu kwa streptomaisini wako tangu miaka ya 1970.

Kilima_Tigoni

Nimeelewa. Rangi inapigwa leo, mlokwati uko mmoja na nitaukagua. Swali moja la mwisho: nikiruhusiwa kukata, nikate umbali gani?

Mche_Safi

Sentimita 30 chini ya mpaka unaouona, kwenye tawi lililokomaa la umri wa miaka miwili ukiweza, siku ya jua. Choma hapo hapo shambani, usiburute matawi kupita katikati ya mistari. Lakini sampuli itoke kwanza, na mkaguzi akisema usikate, usikate.